Kelele za Popi: shajara ya mradi wa wiki tisa

Siku ya 1

Mzee wa nyumba ya pili hakuja kugombana. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akauliza habari za kazi, akazunguka huko na huko kama mtu asiyejua aanzie wapi. Mwisho akasema: "Kijana, huyo mbwa wako mchana analilia nini?" Nikamwambia Popi anawabwekea wapita njia dirishani, nitamfundisha. Akatikisa kichwa. "Hiyo ya wapita njia naijua, haina shida. Mimi nasema ule mlio mwingine."

Sikumwelewa. Nayaandika maneno yake hapa ili nisije nikayasahau.

Popi ni jike, chotara wa umbo la kati, umri miaka minne. Sikio la kushoto limesimama, la kulia limelala. Nilimchukua akiwa na miezi minane kutoka kwa watu waliokuwa wanahama. Anabweka. Anabweka mlango ukigongwa, anabweka kijiko kikianguka, anabweka nikichelewa kumpa mpira. Siku tatu kwa wiki natoka kwa saa nne nne, namwacha peke yake.

Lengo: sitaki mbwa bubu. Mbwa mwitu wa kaskazini, mababu wa mbwa wetu, wakishakuwa wakubwa hubweka kwa nadra, zaidi kwa kuonya. Huyu wa nyumbani ndiye anayebweka kwa kila shughuli: kuonya, kuomba, kucheza, kuogopa, kusalimu. Kwa hiyo nataka mambo mawili tu. Abweke kidogo kisha aache nikimwambia, na mzee apumzike mchana.

Siku ya 2 hadi 7

Wiki hii sifundishi chochote, nahesabu tu. Daftari lina safu tano: saa, kilichotangulia, Popi alivyokuwa amesimama, kilichofuata, na muda. Safu ya "kilichofuata" niliiongeza dakika za mwisho na kidogo niifute, nikiona ni ya kujaza karatasi. Nikitoka, simu yangu ya zamani inabaki juu ya kabati ikinasa picha na sauti.

Siku ya 4 nilikaa dirishani pamoja naye. Kabla sijasikia kitu, sikio lile lililosimama liligeuka. Hilo si ajabu, maana mbwa husikia sauti kali zinazopita hezi 40,000 (mitetemo kwa sekunde), wakati binadamu mwenye masikio mazima anaishia kama 20,000. Kisha mwili ukakaza, uzito ukaenda miguu ya mbele, mdomo ukafungwa. Mtu wa baiskeli akatokea kwenye kona. Popi akapanda kwenye mkono wa kochi na kumfyatulia mibweko mizito, ya harakaharaka, isiyo na nafasi ya kupumua katikati. Mtu wa baiskeli akapita, maana alikuwa anapita tu, hajui hata kama kuna mbwa. Popi akashuka, akajikung'uta mwili mzima, akaja kwangu mkia juu.

Ile safu niliyotaka kuifuta, hapo nikaandika: *adui ameondoka*. Kwa hesabu zake Popi, amemfukuza. Wapita njia wote huondoka, kwa hiyo kila siku anashinda vita kama kumi. Nani ataacha kazi anayofaulu hivyo?

Siku ya 8

Nimekaa na daftari na rekodi. Matukio ya wiki nzima ni 131. Ya dirishani na mlangoni ni 74, ya kunidai kitu 29, ya akiwa peke yake 19, na 9 sikuyajua sababu. Nikafurahi. Dirisha ndilo tatizo, kama nilivyosema.

Halafu nikajumlisha safu ya muda. Dirishani na mlangoni dakika 52. Kunidai, 16. Yasiyojulikana, 7. Akiwa peke yake, dakika 118.

Nilirudia hesabu mara mbili. Yale matukio 19 tu ndiyo yaliyobeba zaidi ya nusu ya kelele zote, na mimi sijawahi kuisikia hata moja kwa masikio yangu. Nisingeweza, kwa kuwa zinaanza nikishatoka. Miaka yote hii nimekuwa nikipambana na kelele inayonikera mimi, wakati mzee ananieleza kelele nyingine kabisa.

Jioni nilimpigia mdogo wangu rekodi mbili bila kumwambia zimetoka wapi. Ya dirishani akasema papo hapo, "Huyu anamtisha mtu." Ya pili akanyamaza kidogo. Ni mbweko mmoja mwembamba, wa juu, kisha kimya cha sekunde mbili au tatu, kisha mwingine, na mwishoni sauti inavutika kama kilio. "Kaka, huyu anaita mtu."

Hakubahatisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd kule Budapest, Hungaria, walichapisha mwaka 2005 utafiti wa aina hiyohiyo. Waliwasikilizisha watu rekodi za mbwa wa jamii ya Mudi, mbwa wachungaji wa hukohuko Hungaria, na watu wakaweza kukisia mbwa alikuwa katika hali gani kuliko bahati tupu ingewezesha, hata wasiofuga mbwa. Sauti nzito na ya haraka walisikia ukali. Nyembamba yenye nafasi katikati haikusikika hivyo. Ndiyo tofauti aliyoisikia mzee kupitia ukutani.

Siku ya 10

Daktari wa mifugo. Masikio, meno, nyonga, vyote vizima. Nilimpeleka kwa sababu maumivu nayo hubwekesha, na mbwa mzee anayepungukiwa na usikivu au akili anaweza kuanza kubweka usiku bila sababu inayoonekana. Popi hayumo.

Video ndiyo iliyomvutia daktari. Alinionyesha nilichokuwa nakitazama bila kukiona: mate sakafuni mbele ya mlango, kuhema wakati hakuna joto, kwenda na kurudi kwa njia ileile, na mfupa mzuri niliouacha haujaguswa. "Angekuwa amechoshwa na upweke tu, angeutafuna huo," akasema. "Huyu ana hofu." Tena hofu inaanza punde tu baada ya mlango kufungwa, si baada ya saa mbili.

Akaniambia dawa zipo, kama fluoxetine, ila huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake, na hata ukimpa bado utahitaji kumfundisha. Tukakubaliana tuanze na mafunzo, tuangalie tena baada ya wiki nane.

Siku ya 12

Dirisha. Nimebandika kwenye vioo vya chini karatasi ya kunata inayopitisha mwanga bila kuonyesha nje, na kochi nimelisogeza ukuta wa pili. Kazi ya saa moja pamoja na kugombana na mapovu ya hewa.

Siku ya 15

Matukio ya dirishani kwa siku tatu: 9. Wastani wa zamani ungekuwa zaidi ya 30. Naona hata aibu kidogo. Nilishajiandaa kwa miezi ya mafunzo, kumbe sehemu kubwa ilikuwa ni kumwondoa mlinzi kwenye kituo chake. Wapo watakaosema huko ni kukwepa tatizo. Sawa, nimelikwepa. Kila siku asiyoshinda vita ya baiskeli ni siku ambayo tabia haiongezi mizizi.

Siku ya 16

Leo nimeharibu.

Kwa kelele za kudai nimeamua hivi: akinibwekea apewe mpira, simtazami, simsemeshi, simgusi. Kumkaripia nako ni kumjibu. Akinyamaza na kukaa kwenye tandiko lake, ndipo mpira unakuja. Nilijua pia kwamba tabia iliyozoea malipo ikikatiwa malipo huwaka kwanza kabla ya kuzimika. Kujua ni kitu kimoja, na kuwa kwenye simu ya kazi huku mbwa anakubwekea gotini ni kingine. Dakika ya kumi na moja nikaurusha mpira hadi jikoni.

Nilichomfundisha leo ni kwamba bei imepanda, si kwamba duka limefungwa. Malipo ya mara mojamoja, yasiyotabirika, hung'ang'aniza tabia kuliko malipo ya kila mara; mwanasaikolojia B. F. Skinner alilionyesha hilo kwa panya na njiwa wake, na wacheza kamari wanaliishi. Kuanzia leo, nikiwa na simu muhimu, tandiko na kitu cha kutafuna vinatangulia *kabla* hajaanza kudai.

Siku ya 17 hadi 24

Kubweka kwa kudai: 8, 10, 6, 3, 4, 1, 0, 2. Jambo lililosaidia kuliko kumpuuza ni kumwona akiwa kimya. Analala zake kwenye tandiko, hataki kitu, napita na kumdondoshea kipande kimoja cha nyama bila maneno. Siku tano za kwanza alinitazama kama nimepotea. Sasa tandiko limekuwa mahali pa riziki, na akitaka kitu anakwenda kukaa huko na kunikodolea macho. Kukodolewa macho navumilia.

Siku ya 25

Ndugu yangu mmoja, kwa nia njema kabisa, ameniletea mkanda wa shingo unaopiga umeme mbwa anapobweka. Niliufunga kwenye mkono wangu mwenyewe, nikakohoa kwa nguvu karibu na kihisio. Sitaeleza neno nililosema.

Nimemrudishia. Si kwamba haunyamazishi, mara nyingine hunyamazisha. Ila Popi akibweka kwa sababu anamwogopa mgeni, kisha shingo ikauma kila mgeni anapotokea, atajifunza nini juu ya wageni? Na kwa mbwa anayelia kwa hofu ya kuachwa, ni kumpiga mtu kwa kuwa analia. Wales ilipiga marufuku mikanda hiyo mwaka 2010. Ule upasuaji wa kukata nyuzi za sauti nao Mkataba wa Ulaya wa Kulinda Wanyama wa Kufugwa Nyumbani wa mwaka 1987 unaukataza. Nami naongeza langu dogo: mbwa aliyenyamazishwa kwa maumivu amenyang'anywa onyo, na mbwa asiye na onyo ndiye anayekuja kuuma bila mtu kutarajia.

Siku ya 26 hadi 33

Kengele ya mlangoni. Niliinasa kwenye simu, nikaanza kuipiga kwa sauti ya chini kabisa, kiasi cha sikio kugeuka tu bila mwili kukaza. Kengele, kisha nyama. Kengele, nyama. Mara sita, basi, mapumziko.

Siku tatu hakuna kilichosonga, kisha mdogo wangu akaona kosa. Nilikuwa naingiza mkono kwenye kifuko cha nyama kabla ya kubonyeza simu. Popi alikuwa anausikiliza mfuko, hana habari na kengele. Nikabadili: kengele kwanza, sekunde moja mikono ikiwa imetulia, ndipo mkono uingie. Siku ya pili yake ikalia, naye akageuza shingo kunitazama *mimi*. Hiyo shingo nimeisubiri wiki.

Kengele ya kweli ni somo jingine. Ile ya simu ni nyembamba, haina mtikisiko wa ukuta wala harufu ya mtu nyuma ya mlango. Ilibidi mdogo wangu asimame nje akibonyeza, tena tukaanza chini, kitambaa kikiwa kimefunika kengele. Mara nane kwa siku. Majirani wengine lazima walidhani nimemfungia nje.

Na kwa mgeni halisi tuna utaratibu huu: Popi anabweka mara mbili au tatu, mimi nakwenda mlangoni, natazama, nasema "nimeona," kisha namwaga punje za chakula chake sakafuni mbali na mlango. Pua ikishashuka chini kunusa, kubweka kunakuwa kugumu. Nimemtazama akijaribu kufanya vyote viwili, anaishia kupiga chafya. Zamani nilikuwa napiga kelele "Nyamaza!" Nadhani alifurahi kwamba nami nimejiunga.

Siku ya 34

Sasa ile kazi ngumu, ambayo nimekuwa nikiizunguka.

Kanuni ni moja na inaudhi: asiachwe peke yake kwa muda unaozidi ule anaouweza, hata siku moja, mpaka muda huo ukue. Muda anaouweza kwa sasa, kwa mujibu wa kamera, ni sekunde 40. Nami natoka siku tatu kwa wiki, saa nne kila siku.

Mdogo wangu amechukua siku mbili. Ya tatu sikuwa nayo. Nilikwenda kwa mzee kumwomba radhi na kumweleza hesabu nilizozipata, kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Akasikiliza video yote na kichwa chake kikiwa upande. "Mlete kwangu," akasema. "Mimi nipo tu. Mbona hukusema mapema?"

Mwenye kesi amekuwa mlezi. Popi amelala miguuni pake kwa saa nne nzima, hajabweka hata mara moja.

Siku ya 35 hadi 44

Funguo kwanza. Nazichukua, nakaa. Nazichukua, nachota maji, nazirudisha. Navaa viatu, nasoma gazeti nikiwa na viatu. Mara thelathini kwa siku, hadi funguo zikaacha kumaanisha kitu.

Halafu mlango. Kutoka sekunde 5 na kurudi, 10, 5, 20, 8, 30, 12. Siongezi kila mara, kwa sababu akigundua kila zamu ni ndefu kuliko iliyopita, ataanza kuhofia zamu ya kwanza. Narudi kabla hajaanza kulia. Nikirudi hakuna sherehe, naingia kama mtu aliyetoka chumba cha pili.

Siku ya 42, dakika 6. Nimeiangalia video mara tatu. Mlango unafungwa. Anakwenda, ananusa pale chini kwenye upenyo, anasimama. Sikio la kushoto linafuata hatua zangu. Analamba pua mara moja. Nilishika pumzi huku nje, nikiwa nimejibanza ukutani na simu mkononi. Kisha anageuka, anarudi kwenye tandiko, anazunguka mara mbili, anajilaza kwa kishindo, anashusha pumzi ndefu na kuweka kidevu juu ya mguu. Ile pumzi ndiyo naifuatilia sasa. Ikitoka, natembea nikiwa huru. Isipotoka ndani ya dakika mbili, narudi.

Siku ya 47

Nilitoka kwa dakika 15 alizozizoea. Foleni ikanishika, nikarudi baada ya dakika 40. Kwenye rekodi: kimya hadi dakika ya 17, kisha ule mlio mmojammoja, dakika 21 mfululizo. Mate mlangoni.

Mzee alikuwa barazani. Hakusema kitu, akaninyooshea kidole tu.

Siku ya 48 hadi 55

Tumerudi dakika 2. Nilitegemea kuanza upya kabisa, lakini kilichopotea kilirudi upesi kuliko kilivyojengwa mara ya kwanza: siku nane badala ya kama kumi na mbili kufika dakika 15. Sasa natoka na kengele ya saa mkononi, na sipangi shughuli yoyote ndani ya muda wa mafunzo. Kutoka kwenyewe ndiyo shughuli.

Jambo lingine, halina ufundi wowote. Asubuhi, kabla ya mafunzo, matembezi ya nusu saa ambayo yeye ndiye anachagua njia na ananusa anavyotaka, kamba ikiwa imelegea. Kabla ya hapo nilikuwa namkimbiza achoke. Akirudi kutoka mbio alikuwa anahema na macho yamemtoka. Akirudi kutoka kunusa analala.

Siku ya 62

Hesabu ya wiki ya tisa, daftari lilelile. Matukio 41: dirishani na mlangoni 24, kudai 6, peke yake 7, mengine 4. Dakika kwa mpangilio huohuo ni 9, 2, 6 na 3, yaani 20 badala ya 193.

Nisijidanganye na namba hizo. Sehemu ya "peke yake" imeshuka kwa sababu haachwi peke yake kwa saa nne siku hizi, bado anakwenda kwa mzee na kwa mdogo wangu. Kilichobadilika kweli ni kwamba sekunde 40 zimekuwa dakika 50. Daktari ameona video mpya, anasema dawa haihitajiki kwa sasa.

Mzee ananiuliza siku ya Popi kwenda kwake itafutwa lini. Nikamwambia labda miezi miwili. Akasema nisiharakishe.

Siku ya 64

Dakika 55. Pumzi ndefu ilitoka dakika ya kwanza na sekunde 20. Mibweko miwili dakika ya 31, mizito, ya harakaharaka: pikipiki imesimama nje. Akarudi kulala mwenyewe. Kesho narudia 55 hizohizo kabla ya kujaribu 65, na betri ya simu ya kabatini inabidi ichajiwe usiku, leo ilizima dakika mbili kabla sijafungua mlango.